Shahada Moja, Nchi Mbili

Leo tunazungumzia shahada ya uzamili inayotolewa kwa pamoja na vyuo vya nchi mbalimbali.

Hapa kwetu mpakani, Kwapa, Malaba na Busia, mtu huamka na Kiteso, akavuka mpaka akanunua sukari kwa Kiswahili, jioni akajaza fomu kwa Kiingereza. Kwa masomo ya mawasiliano, huo ni mtaji.

Mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus Mundus, ulioanza 2004, hufadhili shahada za aina hii na hupokea waombaji wa nchi yoyote. Chukua mfano wa uanahabari: mwaka wa kwanza unasoma Aarhus, Denmark, wa pili unahamia chuo cha nchi nyingine. Anayepata ufadhili halipi ada, na hupewa yuro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24. Lakini nauli, viza na kodi ya chumba hutoka humo humo.

Andaa mapema cheti cha shahada ya kwanza, matokeo, pasipoti na barua za mapendekezo kutoka kwa walimu wako. Ombi hupelekwa moja kwa moja kwa waendeshaji wa kozi. Akitokea wakala anayetaka "kitu kidogo" akupitishie jina, mkimbie. Usipoelewa, waulize waendeshaji wenyewe: kuuliza si ujinga.