Maji Yanapozidi: Sodiamu, Usingizi na Uchovu Usiokwisha

Mwaka 1981, katika mbio za Comrades, takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg nchini Afrika Kusini, mkimbiaji mmoja alichanganyikiwa kabla ya kumaliza, akakimbizwa hospitali. Siku hizo mkimbiaji akianguka alihesabiwa kuwa ameishiwa maji. Huyu alikuwa ameyanywa kupita kiasi, na sodiamu katika damu yake ilikuwa imeshuka vibaya. Daktari Tim Noakes na wenzake walichapisha taarifa ya wanariadha wanne wa namna hiyo mwaka 1985.

Haikutosha kubadili mazoea. Katika mbio za marathoni za Boston, Marekani, za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 walipomaliza. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, na watatu kati yao walikuwa katika hatari kubwa. Dalili iliyojitokeza waziwazi ni kwamba wengi wa walioathirika walimaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza.

Ni vipi maji hudhuru? Sodiamu, ambayo mwili huipata hasa kwenye chumvi, ndiyo inayosaidia kuyaweka maji nje ya seli. Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita moja ya damu. Mafigo ya mtu mzima mwenye afya hutoa maji yasiyozidi lita moja hivi kwa saa. Yakiingia mengi kwa kasi kuliko hapo, damu huzimuliwa na maji hupenya kwenye seli, nazo huvimba. Msuli una nafasi ya kuvimba. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Ndiyo maana huja kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, degedege, na hata kifo.

Hiyo ni hali ya ghafla. Sodiamu ikishuka polepole, kwa siku na wiki, ubongo hujirekebisha na mtu hapotezi fahamu. Anachoka tu. Anasahau, anakosa umakini, anayumba anapotembea, na ndugu zake wanasema ni umri. Watafiti wa Ubelgiji walilinganisha wagonjwa 122 wenye upungufu mdogo wa sodiamu na wagonjwa wengine wasio nao, wakachapisha matokeo mwaka 2006: asilimia 21 ya kundi la kwanza walikuwa wamefikishwa hospitali kwa sababu ya kuanguka, ilhali katika kundi la pili ni asilimia 5 tu.

Hata hivyo, tusizidishe hofu. Mtu mwenye afya, anayekula vizuri na kunywa lita tatu kwa siku nzima, hafiki huko. Mafigo yake yanaimudu kazi. Hatari huwakaribia zaidi wazee wanaokula kidogo, watumiaji wa baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, watumiaji wa baadhi ya dawa za sonona, na wenye ugonjwa wa tezi zilizo juu ya mafigo. Kwa wengine wengi, maji huchosha kwa njia nyepesi zaidi: chupa nzima inanywewa kabla ya kulala, kibofu kinamwamsha mtu mara tatu, na asubuhi anaamka kama hakulala.

Na ule ushauri wa kunywa glasi nane za maji kila siku? Mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani ilitaja lita mbili na nusu, ikaongeza kwamba sehemu kubwa tayari imo katika chakula. Nyongeza hiyo ilisahaulika. Mwaka 2002 Heinz Valtin, bingwa wa fiziolojia ya mafigo, alitafuta ushahidi wa kisayansi wa glasi nane asiupate. Chai, uji, mchuzi na tikiti navyo ni maji.

Linalotia uchungu zaidi ni kiu isiyokatika. Mtu anayekunywa bila kutosheka, anayekojoa mara kwa mara na kuchoka kila siku, huenda ana kisukari, na kila anapoambiwa aongeze maji kwa sababu ya joto, ugonjwa unapewa mwezi mwingine. Kujiongezea chumvi nyumbani nako si dawa, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Kipimo cha sukari huchukua tone la damu kidoleni. Cha sodiamu huhitaji damu ya mshipani. Kabla ya vyote viwili, mhudumu wa zahanati anaweza kumuuliza aliyechoka: anakunywa kiasi gani kwa siku, anatumia dawa gani, na usiku huamka mara ngapi?