Mdudu Aliyengoja Jina

Somo: Mwanzo 2:18–20

Walio na Biblia karibu na wafungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, mstari wa 19 na wa 20. Hapo twasoma ya kwamba Mungu aliwaleta wanyama na ndege mbele ya Adamu, apate kuona atawaitaje. Kabla hajapewa mke, Adamu alipewa kazi ya kuwatazama viumbe na kuwapa majina.

Kazi hiyo haijakwisha hata leo. Tumtazame kiumbe mmoja wa nchi yetu ambaye zamu yake ilifika mwaka 2019 tu.

Katika miaka ya 1964 na 1965, mtaalamu aitwaye William Block alikusanya hapa Kenya udongo na majani yaliyooza. Wengi wetu twaona majani hayo kuwa ni takataka ya kufagiwa na kuchomwa moto. Lakini ndani yake mlikuwa na wadudu wengi wadogo. Mwaka 1978 vitu hivyo viliingia katika jumba kubwa la makumbusho ya viumbe huko London, vikahifadhiwa. Miaka mingi ikapita. Ndipo mtaalamu mwingine, Michael Darby, alipovichunguza akaona ndani yake mbawakawa ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwandika.

Na kumwandika mdudu si kazi ya dakika mbili. Mtu humweka chini ya hadubini, akampima, akatazama kichwa, vipapasio, miguu, hata viungo vya ndani. Kisha humlinganisha na jamaa zake wote waliokwisha kuandikwa, asije akampa jina jipya aliye na jina tayari. Halafu huchagua mmoja awe shahidi: huyo huhifadhiwa daima, ili kila atakayebisha baadaye aende akamwone mwenyewe. Mwisho maelezo yote hupigwa chapa, watu wote wasome.

Mdudu wetu huyu ana urefu wa milimita 0.79. Ukichora mstari wa milimita moja kwa kalamu, yeye haufikii mwisho. Rangi yake ni ya manjano hafifu. Hana macho, wala hana mabawa. Katikati ya mahali ambapo macho yangalikuwapo, ana kishimo kidogo, na kwa alama hiyo hutambulikana. Ni wa jamii ya mbawakawa walio wadogo kuliko wote duniani, ambao wengi hula kuvu ndani ya majani yanayooza. Mara nyingi jike wa jamii hii hubeba yai moja tu kwa wakati mmoja, maana mwili wake hauna nafasi ya mawili. Mungu hakuona vibaya kuweka uzazi na uhai mzima katika chombo kidogo namna hiyo.

Jina alilopewa ni Nelloptodes gretae. Neno la kwanza ni kama jina la ukoo. La pili ni lake mwenyewe, kwa heshima ya Greta Thunberg, kijana wa Sweden aliyejulikana kwa kutetea hali ya hewa ya dunia. Huenda mzee mmoja akauliza: Mbona mdudu wa Kenya aitwe kwa jina la msichana wa Ulaya? Ni swali la haki. Lakini kanuni ya kazi hiyo ni kwamba anayemweleza kiumbe kwanza ndiye amwitaye. Sisi tulimkanyaga, mwingine aliinama akatazama. Wazazi, kijana wenu akipenda kuchunguza wadudu, msimcheke. Huenda ameitwa kwenye kazi ya Adamu.

Tena kuna haraka. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko Karura kwa sababu ya kuutetea msitu usigawanywe. Walikuwa wakitetea miti, na pamoja na miti walitetea maelfu ya viumbe walio chini yake. Msitu ukifyekwa, wengine hupotea kabla hawajaitwa hata mara moja.

Wapendwa, tumetoka mbali na somo? Hata kidogo. Yuko mlinzi wa usiku langoni kwetu ambaye kwa miaka kumi twamwita “soja” tu. Yuko mama anayefagia kanisa kila Jumamosi, na wengi wetu tukiulizwa jina lake tutatazamana. Siku moja mtu wa namna hiyo hafiki kazini. Ni mgonjwa, au amekufa, na katika sisi sote hakuna ajuaye kwao ni wapi wala apelekewe nani habari. Sisi tulio wachungaji twajua uzito wa kusimama kando ya kaburi ambapo waliokuja kuzika hawalijui jina kamili la marehemu.

Bwana Yesu, katika Luka sura ya 12, alizungumza habari za shomoro wauzwao kwa bei ndogo, akasema Mungu hamsahau hata mmoja wao. Kama shomoro hasahauliwi, wala mdudu wa milimita 0.79 hakusahauliwa. Kwa Mungu hakungoja miaka hamsini na zaidi. Aliyengoja ni mwanadamu. Basi juma hili, kila mmoja wetu amwulize mtu mmoja jina lake na kwao, alikumbuke, na amwite kwalo.

Na tuombe. Ee Mungu Muumba wetu, utufundishe kuinama na kutazama. Utusamehe tuliowapita bila kuwaita. Uihifadhi misitu yetu na vyote viishivyo ndani yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.