Kujadiliana kwa Wema

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake, na Sahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad.  Nakuusieni, na ninaiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri, na katika kila neno litokalo vinywani mwetu.

Khutba yetu ya leo inahusu jambo ambalo vijana wengi wanalitamani, na wazee wengi wanaliogopa. Vijana wana maswali juu ya lililo jema na lililo ovu. Mwanafunzi akimwona mwenzake anaiba majibu katika mtihani, je, amfichie kwa kuwa ni rafiki, au aseme kwa kuwa ni dhulma kwa wengine? Mfanyabiashara mwenye bidhaa yenye kasoro, je, amweleze mnunuzi hata kama hakuulizwa? Mtu akifa, je, yafaa kiungo chake kitiwe katika mwili wa mgonjwa ili apone? Vijana hao wanataka kukusanyika, waunde chama cha kirafiki cha kujadiliana mambo haya. Wazee nao wanauliza: Je, huku si kuufungua mlango wa fitina?

Jibu letu, ndugu zangu, ni kwamba jambo hilo ni jema, nalo lina asili katika dini yetu, kwa sharti kwamba udugu uwekwe juu ya ushindi. Na kulizuia kuna hatari kubwa kuliko kuliruhusu. Kwani swali halifi kwa kunyamazishwa. Kijana aliyekemewa nyumbani hulichukua swali lake akaenda nalo kwa watu wasiomtakia kheri.

Tutazame mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama kwamba kijana mmoja alimjia Mtume, akamwomba ruhusa ya kuzini. Watu waliokuwapo wakamgeukia na kumkemea. Lakini Mtume alimwita asogee karibu, akaketi. Kisha akamwuliza kama angelipenda jambo hilo afanyiwe mama yake. Kijana akasema hapana. Mtume akamwambia kwamba na watu wengine pia hawalipendi kwa mama zao. Akamwuliza hivyo hivyo juu ya binti yake, dada yake, shangazi yake na mama yake mdogo, na kila mara kijana akajibu hapana. Mwisho Mtume akaweka mkono wake juu yake, akamwombea msamaha, usafi wa moyo na hifadhi. Imepokewa kwamba tangu siku hiyo kijana yule hakuligeukia tena jambo lile.

Zingatieni, enyi wazazi na walimu. Mtume hakuhalalisha haramu, wala hakulegeza hukumu. Lakini alimkaribisha mwulizaji, akamfikirisha kwa maswali, akamwombea dua. Huo ndio mjadala wa wema. Laiti kijana yule angaliondoka na makaripio tu, nani ajuaye angalikwenda wapi?

Qurani nayo imetufundisha njia hii. Katika Surat An-Nahl, aya ya 125, Mwenyezi Mungu ameamrisha kulingania kwa hekima na mawaidha mema, na kujadiliana kwa namna iliyo bora. Katika Surat Taha, aya ya 44, amewaamuru Musa na Harun wamwambie Firauni maneno laini. Ikiwa Firauni, aliyedai uungu, alistahiki kuanzwa kwa upole, je, ndugu yako anayesali nawe safu moja hastahiki zaidi?

Ndugu Waislamu! Wanavyuoni wetu waliyatenda haya. Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra, yaani mwaka 767, alikuwa mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Kufa, nchini Iraq. Alikuwa na duara la wanafunzi, miongoni mwao Abu Yusuf, Zufar na Muhammad bin Hassan Ash-Shaybani. Mas'ala yaliletwa mbele yao, wakayachambua, wakahojiana. Wanafunzi hao walikhitalifiana na mwalimu wao katika mambo mengi, na hata leo vitabu vya madhehebu ya Hanafi vinaitaja kauli ya Imam na kauli za wanafunzi wake pamoja. Hawakufukuzwa kwa kumkhalifu, wala wao hawakumvunjia heshima yake.

Na Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na wengi katika mwambao wetu, ametuachia funzo kubwa. Siku moja alijadiliana na Yunus bin Abdul-Aala huko Misri, wakaachana bila ya kuafikiana. Walipokutana tena, Imam Shafii alimshika mkono, akamwuliza kama haiwezekani wao kuwa ndugu hata kama hawakuafikiana katika mas'ala moja. Yunus mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hii, akasema kwamba hakupata kuona mtu mwenye akili zaidi ya Imam Shafii.

Ndugu zangu, wangapi miongoni mwetu wamewahi kumshika mkono mtu waliyebishana naye? Yasikitisha kuona watu wawili wanasali msikiti mmoja, wanasikia adhana moja, na hawasalimiani kwa sababu ya ubishi wa barazani, hali ya kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Ubishi wenyewe umekwisha sahauliwa. Chuki ndiyo iliyobaki, na watoto wanairithi.

Basi anayetaka kuanzisha chama cha majadiliano na aanze kwa nia. Ajiulize: Je, nataka haki idhihirike, au nataka nionekane mjuzi? Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume ameahidi nyumba katika pambizo za Pepo kwa mwenye kuacha ubishi ingawa yeye ndiye mwenye haki. Baada ya nia, washike adabu hizi.

Kwanza, waanze wachache wanaojuana, wakutane siku maalumu, mahali pa wazi kama barazani au chumba cha madrasa, na wamchague mmoja wao wa kuongoza na kugawa zamu za kusema. Swali lijulikane mapema, ili kila mtu asome na kufikiri kabla ya kuja.

Pili, asijibu mtu hoja ya mwenzake mpaka kwanza aieleze kwa maneno yake mwenyewe, na mwenye hoja akubali kwamba ndivyo alivyokusudia. Adabu hii moja yatosha kuzima nusu ya magomvi, kwani wengi hugombana juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Tatu, wajadili jambo, wasijadili watu. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11 na ya 12, tumekatazwa kudharauliana, kuitana majina mabaya, kudhaniana vibaya na kusengenyana. Ikiwa swali ni la mwizi wa mtihani, asitajwe mwanafunzi yeyote kwa jina.

Nne, wajue mpaka wao. Kujadiliana ni jambo moja, na kutoa fatwa ni jambo jingine. Chukueni lile swali la viungo vya mwili. Wanavyuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu walikutana Jeddah mwaka 1988, wakazingatia tafiti za fiqhi na za tiba. Waliruhusu kutoa kiungo cha maiti kwa ajili ya mgonjwa ambaye uhai wake unakitegemea, kwa idhini ya marehemu kabla ya kufa kwake au ya warithi wake, na wakakataza viungo visifanywe bidhaa ya kuuzwa. Chama na kisome uamuzi kama huo, kielewe sababu zake, na lenye kutatiza kilipeleke kwa wanavyuoni. Wala mtu asione haya kusema "sijui". Imam Malik, pamoja na ukubwa wa elimu yake, alisifika kwa neno hilo.

Tano, wasiwasahau wanawake. Khawla binti Thaalaba alimjia Mtume kujadiliana naye juu ya dhulma ya mumewe aliyemfananisha na mama yake, na Mwenyezi Mungu akaisikia kauli yake kutoka juu ya mbingu saba, ikateremka Surat Al-Mujadala. Basi mabinti zetu nao wawe na baraza lao la staha, waulize na wajibiwe.

Na mwisho, wasiondoke kabla ya kusalimiana na kuombeana dua, hasa wale waliokhitalifiana zaidi.

Nanyi wazee, msiwaache vijana peke yao. Kaeni nao, sikilizeni zaidi ya mnavyosema, na mkumbuke kwamba kuuliza si ujinga. Leo usiku, katika chakula, kila mzazi na amwulize mwanawe swali gani linamsumbua, kisha amwache aseme mpaka amalize.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki na uturuzuku kuifuata, na tuonyeshe batili na uturuzuku kuiepuka. Ziunganishe nyoyo zetu, uzilinde ndimi zetu, na uwaongoze watoto wetu. Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu, na kwa ajili yenu, na kwa Waislamu wote.