Maoni Yetu: Na Ufuo Je?

Msikilizaji, tangazo umelisikia: vifaranga vya samaki vitamwagwa tena katika Ziwa Naivasha. Hatutalirudia. Linalotukosesha usingizi hapa kituoni ni lile ambalo halikutajwa hata mara moja: ufuo. Tumelisema mara nyingi kwenye kipindi hiki na leo tunalisema tena. Ndoo za vifaranga tumeziona. Na ufuo je?

Mchukue besi, yule samaki wa mdomo mpana mwenye mstari mweusi ubavuni. Si mwenyeji wetu. Aliletwa kutoka Marekani mwaka wa 1929 ili wavuvi wa ndoana wapate mchezo, na leo ni kitoweo na karo ya watoto kwa familia za Karagita na Kamere, kando ya ziwa. Besi hangoji ndoo ya mtu. Anachotaka ni ufuo.

Wakati wa kuzaa ukifika, dume husogea kwenye maji mafupi, penye changarawe au mizizi. Hufagia chini kwa mkia hadi kishimo cha duara kitokee, kama sahani. Jike huja, hutaga, huenda zake. Dume hubaki. Huyapepea mayai kwa mapezi na mkia yasifunikwe na tope, huyalinda usiku na mchana, na siku hizo zote haondoki kwenda kujitafutia chakula. Watoto wakianguliwa na kuanza kuogelea, hutembea kundi moja zito kama wingu jeusi, na baba yao yuko papo hapo. Chochote kikisogea hukirukia, hata ndoana. Ndiyo maana huvuliwa kirahisi wakati huo. Na ukishamtoa, samaki wengine waliokuwa wakivizia pembeni huyamaliza mayai yote.

Sasa pitisha kokoro, wavu wa kuburuta, hapo. Kokoro huburuta chini, likang'oa majani, likafukia ile sahani, likazoa baba na watoto pamoja. Huo ni ufuo uliokufa, na hakuna ndoo itakayoufufua.

Besi mkubwa naye anauhitaji ufuo. Hujificha kwenye majani ya majini, akatulia tuli, kisha hufumbua mdomo ghafla na windo likavutwa ndani pamoja na maji. Huwinda kwa macho. Maji yakichafuka, haoni. Kapi, samaki aliyeonekana ziwani mara ya kwanza mwaka wa 2001, huchimbua tope akitafuta chakula. Wale kamba wekundu wa maji baridi walioletwa mwaka wa 1970 huila mimea, ingawa besi huwapunguza kwa kuwala. Lakini kapi hashiki panga. Wanaofyeka mafunjo ni sisi. Wanaolima hadi maji yanapoanza ni sisi. Udongo unateremka na Mto Malewa kutoka milimani, na mafunjo yanayouchuja tunayamaliza. Juu tunamwaga vifaranga, chini tunavunja viota.

Kwa hiyo tunauliza tena: na ufuo je? Nani atahesabu mafunjo kama vinavyohesabiwa vifaranga? Doria ifike kwenye maji mafupi, isiishie ziwani katikati ambako hakuna kiota. Sehemu za kuzalia ziwekewe alama, kila mvuvi azijue. Mwenye shamba la maua na mwenye shamba la sukuma wiki, rudini nyuma! Acheni mafunjo yaote! Mchuuzi, samaki wa kiganja anapoletwa sokoni, kataa kumnunua, kwa maana wewe ukinunua, kokoro litarudi kesho.

Na wewe mvuvi unayetusikiliza ukishona wavu, wewe unaujua ufuo kuliko afisa yeyote. Ukimwona dume amesimama juu ya sahani yake ya changarawe na hakimbii, usimguse. Geuza mtumbwi, upite mbali.