Homa Moja, Miili Tofauti
(Mazungumzo ya afya katika mkutano wa kata)



Watoto wawili wa mama mmoja washuka na wazazi wao kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kwenda kulima mpunga katika Bonde la Ziwa Rukwa. Wote waugua malaria. Mmoja apona kwa dawa za siku tatu. Wa pili apatwa na degedege, apoteza fahamu. Jirani asema, "Hapa pana mkono wa mtu."

Sayansi ina jibu jingine. Watoto wa tumbo moja hawarithi vinasaba vilivyo sawa. Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kuwa aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata hifadhi dhidi ya malaria kali. Mwaka 1991, utafiti uliofanywa Gambia ulibaini kinasaba cha mfumo wa kinga kinachopunguza hatari hiyohiyo.

Lakini hifadhi hiyo haionekani usoni, wala si ngao kamili. Tena sisi wa huku juu, ambako malaria ni haba, miili yetu haijaizoea. Tushukapo bondeni tu dhaifu kuliko wenyeji.

Basi tusipime ugonjwa wa mtoto kwa kupona kwa nduguye. Homa ikianza, mpelekeni zahanati siku hiyohiyo akapimwe. Degedege, kuzimia au kushindwa kunyonya ni dharura. Na mnaposhuka bondeni, chandarua kisibaki nyumbani.