NEEMA NA MIZANI YAKE



Sisi wenye maduka hatuhisabu faida kwa wingi wa watu waingiao dukani, bali kwa kibakiacho sandukuni jioni. Na tuipime vivyo hivyo neema ya visiwa vyetu.

Hisabu za Serikali zasema kuwa katika mwaka 2009/10 watu karibu 35 katika kila 100 wa Zanzibar hawakumudu mahitaji ya lazima. Ilipofika 2019/20 wakawa karibu 26. Hilo ni jema, wala hatulikanushi. Lakini hisabu hizo hizo zaonesha kuwa ufakiri wa Pemba wauzidi mbali ule wa Unguja.

Kwa sababu gani? Mahoteli yamejengwa zaidi katika pwani za Unguja. Pemba ilitegemea karafuu, na kwa miaka mingi mnunuzi wake alikuwa Serikali peke yake. Indonesia ilipojitosheleza kwa karafuu zake katika miaka ya 1980, bei ilianguka, na mkulima akaanguka nayo.

Basi mali peke yake haiuondoi ufakiri. Kijana wa Micheweni aliyekosa mwalimu, hata hoteli ikijengwa mlangoni pake, ataitazama tu. Akipata elimu na siha, ataingia kwa kazi ya mikono na akili yake.

Ndugu zetu, hatuombi sadaka. Twataka skuli, hospitali na barabara zigawanywe kwa kadiri ya haja. Mizani ikipotoka, muuzaji mwaminifu huitengeneza kabla ya kupima tena.