Mafuta ya karafuu yanapokataa maji

Mpishi yeyote wa pwani anajua kwamba tui zito likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika. Mafuta yanakwenda kwake na maji kwake. Basi analaumiwa mpishi, kumbe maji na mafuta hayakuwahi kupatana tangu mwanzo. Yalikuwa yamezuiliwa tu.

Hivi karibuni alinijia kijana mmoja na chupa mkononi. Baada ya shikamoo akaniambia: "Mzee, hii ni dawa ya kusukutua, nimeitengeneza kwa mafuta ya karafuu ya Pemba. Siku ya kwanza ilikuwa nyeupe kama maziwa. Leo siku ya tano, tazama mwenyewe." Nikatazama. Mafuta yalikuwa yamelala chini ya chupa. Nasema chini, kwa sababu mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Si kama ya nazi au alizeti ambayo huelea. Wateja wake wa mwanzo walilalamika kwamba dawa haina ladha. Yule aliyefika mwisho wa chupa aliungua mdomo, na alikuwa na haki ya kulalamika, maana yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, huunguza isipozimuliwa.

Kijana alikuwa ametumia mashine ya kusagia matunda. Akadhani tatizo ni udogo wa mashine, na alikuwa anatafuta mkopo anunue kubwa zaidi. Nikamwomba angoje kwanza.

Mchanganyiko anaoutafuta wataalamu wanauita nanoemalsheni. Ni mafuta yaliyovunjwa vitone vya nanomita 20 hadi 200 hivi, vikatawanywa majini. Nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Vitone vya namna hiyo ni vidogo mno hata uzito wao hauwezi kuvizamisha wala kuviinua upesi, kwa kuwa maji yenyewe yanavisukumasukuma huku na huko. Vikiwa vidogo zaidi mchanganyiko haufanani tena na maziwa. Unang'aa na kupitisha mwanga.

Nguvu ya kuvivunja ipo ya aina nyingi. Mfaransa Auguste Gaulin alipata hataza ya mashine ya kulainisha maziwa mwaka 1899, na wajukuu wa mashine ile leo husukuma mchanganyiko katika upenyo mwembamba kwa shinikizo la mara mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja ya lile la hewa. Wengine hutumia mawimbi ya sauti isiyosikika. Lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia kuwa joto tu, na kitone kilichovunjwa kisipovishwa nguo mara moja hukimbilia mwenzake wakaungana.

Nguo yenyewe ni safaktanti. Ni jamii moja na sabuni: molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, ikajipanga kuzunguka kitone. Hapa ndipo kijana alipokosea, maana alitia kidogo mno, na ya aina moja tu. Mwaka 1949 Mmarekani William Griffin alitoa kipimo cha namba: namba ndogo inapenda mafuta, kubwa inapenda maji. Span 80 ina 4.3, Tween 80 ina 15. Ukitaka 12, changanya takriban sehemu 72 za Tween na 28 za Span. Kila mafuta yana namba yake, na kuitafuta kwa chupa kumi ndogo za majaribio ni rahisi kuliko kulipa mkopo wa mashine.

Tena ipo njia isiyohitaji mashine kubwa. Changanya kwanza mafuta na safaktanti peke yake, kisha tia maji tone kwa tone huku unakoroga. Mchanganyiko unakuwa mzito kama uji, halafu ghafla unageuka: maji yaliyokuwa ndani ya mafuta yanakuwa nje, na vitone vinatoka vidogo sana. Katika miaka ya 1960 Mjapani Kozo Shinoda alionyesha mgeuko kama huo kwa joto, yaani unapasha moto kisha unapoza haraka. Gharama ya njia hizi ni safaktanti nyingi, na nyingi ikizidi huleta uchungu mdomoni. Aidha, bidhaa ya namna ya Shinoda ikihifadhiwa karibu na lile joto la mgeuko huharibika, jambo la kufikiriwa na anayeuza katika kibanda cha mabati.

Nikamweleza jambo la mwisho, ambalo ndilo lililomshangaza. Hata vitone visipogongana kabisa, vikubwa huwala vidogo. Mafuta yaliyo ndani ya kitone kidogo yamebanwa zaidi, hivyo huyeyuka majini na kuhamia kwa kikubwa. Jambo hili limepewa jina la Wilhelm Ostwald, Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1909. Mafuta ya karafuu huumia zaidi, kwa sababu yujenoli huyeyuka majini kiasi. Mashine ya thamani yoyote haizuii hilo.

Kinachozuia ni kuchanganya karafuu na mafuta yasiyoyeyuka majini kabisa, kama ya mahindi au alizeti, kabla ya kuvunja. Yujenoli ikitaka kuhama, ile alizeti inabaki nyuma na kuivuta irudi. Faida ya pili ni kwamba alizeti ni nyepesi, kwa hiyo inapunguza ule uzito uliokuwa unazamisha mafuta chini ya chupa.

Kijana ameahirisha mkopo. Nimemsihi asiuze kitu cha kutiwa mdomoni kabla hakijapimwa na wanaohusika, naye amekubali, ingawa kwa shingo upande. Kwa sasa ana chupa tatu zenye tarehe ubavuni: moja kivulini, moja juani, moja ndani ya jokofu. Siku ya kumi na mbili ile ya juani imeanza kufanya weupe. Hizo mbili nyingine bado zinapitisha mwanga.